Aliyethubutu kuwatoza kodi

Juzi nilipita Ipole, Sikonge. Kijana mmoja akaniambia, "Kaka, Tabora ya zamani ilikuwa ya Waarabu." Nikamwambia walianza kama wakwe. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe.

Waviking nao walifanya hivyo Ireland. Waliweka kambi Dublin mwaka 841, wakaoa wenyeji. Miaka ya 1000 mfalme wa hapo, Sitric, mama yake alikuwa Mwairishi. Kule mgeni alikalia kiti. Unyanyembe alisimama nyuma ya kiti.

Maana Mnywa Sere, mrithi wa Fundikira, aliwatoza kodi wafanyabiashara hao. Wakashirikiana na wapinzani wake, wakamng'oa karibu mwaka 1860, akatawazwa Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana porini hadi akauawa mwaka 1865.

Kwihara kuna tembe la kumkumbuka Livingstone. Sawa. Lakini sisi tunaolalamikia misamaha ya kodi ya wawekezaji, mbona huyu mtemi hatumtaji?

Mnasemaje, wadau?