Daraja Limekwenda, Ng'ambo Imebaki



Hakuna biharusi wa Unguja asiyepita Darajani. Kanga, udi, hina, vitambaa vya kushonesha, mpaka zile sinia za kupelekea vitu ukweni, vyote tunavihangaikia pale. Lakini tukiwauliza wasichana daraja lenyewe liko wapi, wanacheka.

Lilikuwepo. Pale inapopita Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wakubwa wetu bado wanaiita Creek Road, palikuwa na hori la bahari. Upande mmoja Mji Mkongwe, na upande wa pili, kwa kuwa ulivuka maji, ukaitwa Ng'ambo. Daraja ndilo lililounganisha watu. Soko lilijengwa mwaka 1904 karibu na hapo, kisha hori likafukiwa kidogo kidogo katika karne iliyopita. Maji yakaondoka, daraja likaondoka, majina yakabaki.

Na si majina tu. Mjini walikaa matajiri wa majumba ya mawe. Ng'ambo walikaa wengi waliokuwa watumwa, wapagazi na wageni kutoka bara. Hori limefukiwa, lakini ikija posa tunalichimba upya kwa mikono yetu. "Wa wapi huyo?" Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kuuliza kama anaswali.

Somo mmoja ametusimulia habari ya biharusi wake, Mnyaturu kutoka Singida. Binti ana dini na adabu, na mume mtarajiwa anamtaka. Mashangazi wa mume wamenuna: wa bara, hajui hata kufukiza udi. Jamani, kufukiza udi si kazi ya wiki moja? Tena bara hiyo si ngeni kwetu. Misafara ya kwenda Tabora ilipita Mgunda Mkali, huko huko mkoani Singida, na watu wa njia ile wakafika mpaka kisiwani kwetu. Nani kati yetu ana hakika kuwa bibi mzaa bibi yake hakuvuka lile daraja akitokea Ng'ambo?

Kuna watakaotutajia kufu. Ni kweli wanavyuoni wameizungumza, na nasaba imo. Lakini Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwoza Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Ndoa ile haikudumu, tunajua, msituandikie kutukumbusha. Sisi tunasema juu ya mlango alioufungua yeye, ambao mashangazi wanataka kuufunga.

Harusi ni Mfunguo Mosi, inshaallah, kama wakubwa watalegea. Tumemwambia somo amlete binti Darajani Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Udi tutamnunulia sisi, na chetezo pia.