Kuzunguka si Kuchanganyika: Kiswahili na Sayansi ya Kukoroga

Imekuwa mazoea miongoni mwetu wanafunzi, na hata baadhi ya wahadhiri, kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, siasa na mahubiri, na kwamba sayansi ya hali ya juu haikiingii. Aghalabu dai hili hutolewa bila kujaribiwa. Makala haya yananuia kulijaribu kwa kuteua taaluma iliyo mbali mno na fasihi: uigaji wa kompyuta unaotumiwa na wahandisi kuchunguza jinsi viowevu vinavyochanganyika katika matangi yenye mapanga ya kukorogea. Msimamo wangu ni kwamba upungufu wetu si wa maneno bali ni wa maelezo.

Tuanze na tangi lenyewe. Dawa, rangi, sabuni na bidhaa nyingine nyingi hutengenezwa katika matangi ya aina hii. Ndani mwake mna mhimili unaozungusha mapanga. Atazamaye juujuu atadhani kwamba maadamu kiowevu kinazunguka, basi kinachanganyika. La hasha! Katika tangi la mviringo lenye kuta laini, kiowevu chepesi huelekea kuzunguka pamoja na panga kama kitu kimoja, kikafanya shimo katikati mfano wa kizingia cha maji, huku kilicho juu kikisalia juu na kilicho chini kikisalia chini. Ndiyo maana wahandisi huambatisha ukutani vibao vinne vilivyo wima, aghalabu kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu ya kumi ya kipenyo cha tangi. Vibao hivyo huuvunja mzunguko na kuulazimisha mkondo kupanda na kushuka.

Je, Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza haya? Twende jikoni. Uji hukorogwa, ugali husongwa, mboga hupekechwa, unga hukandwa na maziwa husukwa. Vitenzi hivi si visawe. Uji ukiwa mwepesi, mwiko ukipita upande mmoja sufuria nzima husukasuka. Ugali ukishakaza, kinachosogea ni kile tu kilicho karibu na mwiko. Yambidi mpishi augeuze, aukunje na kuukandamiza ukutani mwa sufuria, la sivyo madonge yatabaki. Mhandisi hupima tofauti hiyo kwa nambari ya Reynolds, iliyopewa jina la Osborne Reynolds, ambaye mwaka wa 1883 alichapisha majaribio yake kuhusu mikondo ya maji katika mabomba. Chukua panga lenye kipenyo cha sentimita 10, lizunguke mara 5 kwa sekunde ndani ya maji: nambari hiyo itakuwa takriban 50,000. Badala ya maji, tia kiowevu chenye densiti iyo hiyo lakini chenye mnato mara 10,000 zaidi: nambari itashuka hadi 5. Katika matangi, ikizidi takriban 10,000 mkondo huwa na msukosuko. Ikiwa chini ya takriban 10 mkondo hutiririka kwa matabaka tulivu. Kwa ufupi, huku ni kukoroga na kule ni kusonga.

Kompyuta huingilia wapi? Tangi la kiwandani ni la chuma, halionyeshi kilichomo. Isitoshe, linalofaulu katika tangi dogo la maabara huenda lisifaulu katika kubwa. Ukizidisha kila kipimo cha tangi mara 10, ujazo huongezeka mara 1,000 ilhali eneo la kuta linalopitisha joto huongezeka mara 100 tu. Kwa hivyo mhandisi huligawanya tangi, ndani ya kompyuta, katika vijisehemu vidogo vinavyoweza kufikia mamilioni. Katika kila kijisehemu kompyuta hukokotoa kasi na kanieneo kwa kutumia milinganyo ya Navier na Stokes, wataalamu wa karne ya 19. Matokeo yake ni ramani ya mikondo inayodhihirisha pembe zilizokwama, ambamo malighafi huingia na kukawia.

Hata hivyo, ramani hiyo si msahafu. Msukosuko una vizingia vidogo mno hivi kwamba kompyuta haiwezi kuvifuata vyote katika tangi la kiwandani. Hukadiriwa tu kwa kanuni za wastani, na makadirio hayo yaweza kupotoka, hasa karibu na mapanga. Kwa sababu hii wahandisi huyalinganisha na vipimo vya leza katika matangi ya kioo.

Ndugu msomaji, umefika hapa pasipo kuvuka mpaka wa Kiswahili. Maneno machache tumeyakopa, kama lugha zote zikopavyo. Mengi tulikuwa nayo. Tangu mwaka wa 1990 tunayo pia kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI. Lakini istilahi zisizotumiwa katika maelezo marefu ni kama kiowevu katika tangi lisilo na vibao: zinazunguka kutoka kongamano hadi kongamano, wala hazichanganyiki na maisha ya watu.

Wapo watakaouliza: kuna faida gani ilhali mhandisi husoma na kuajiriwa kwa Kiingereza? Naam, lakini anayesimama kando ya tangi si mhandisi peke yake. Fundi wa jua kali anayekoroga sabuni ya maji kwa mti ndani ya pipa anayajua madonge yaliyo chini. Asichoelezwa ni kwa nini kuongeza kasi hakuyaondoi. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Urasmi usiomfikia fundi huyo ni wa karatasini.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila tasnifu ya sayansi na uhandisi katika vyuo vyetu iwe na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili, itakayoandikwa kwa ushirikiano na mwanafunzi wa Kiswahili. Pili, jarida hili litenge nafasi ya ikisiri hizo katika kila toleo. Sisi wa fasihi tusingoje kualikwa. Tubishe hodi katika idara za uhandisi. Penye nia pana njia.