Mto Po ulipowaumbua wenye takwimu

Na Salma Mwinyikai

Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Mario Negri ya Milan, wakiongozwa na Ettore Zuccato, walitangaza walichokikuta katika mto Po, mkubwa kuliko mito yote ya Italia. Walichota maji, wakayapima. Hawakumuuliza mtu swali hata moja.

Walichokuwa wakikisaka ni benzoilekgonini, mabaki ya kokeini iliyokwisha kupita mwilini na kutoka na mkojo. Hesabu yao ilionyesha kwamba kila siku mto ule ulibeba masalia ya kilo 4 hivi za kokeini, kutoka bonde lenye watu kama milioni 5. Takwimu rasmi za wakati huo zilimaanisha kwamba katika eneo hilo kokeini hutumiwa mara 15,000 hivi kwa mwezi. Mto ulisema dozi 40,000. Kwa siku.

Pengo kama hilo huwezi kulisingizia desimali. Takwimu rasmi hutegemea kuwauliza watu, na mtu akibishiwa hodi na kijana mwenye dodoso mkononi, akaulizwa kama mwezi uliopita alinusa unga, na mkewe amesimama nyuma yake, atajibu nini? Mkojo hauna mke wa kumwonea haya.

Wazo lenyewe lilikuwa limetolewa mwaka 2001 na Mmarekani Christian Daughton, na tangu 2011, walipoanza na miji 19, wanasayansi wa Ulaya hupima majitaka ya miji yao karibu kila mwaka kwa wiki moja. Kwenye mlango wa mtambo wa kusafishia majitaka, pampu ndogo hunyonya kiasi kidogo kila baada ya dakika chache, saa 24 mfululizo, na vyote huingia chupa moja iliyowekwa kwenye baridi. Kiasi cha mabaki katika kila lita kikizidishwa kwa wingi wa maji yaliyopita siku hiyo, kisha kikagawanywa kwa idadi ya wakazi, jibu linapatikana. Hata mwenendo wa wiki huonekana: kokeini na ekstasi hupanda Jumamosi na Jumapili, ilhali amfetamini katika miji mingi haijui wikiendi.

Kisa kitamu zaidi, kwa maoni ya safu hii, ni cha Utrecht, Uholanzi. Mwaka 2011 ekstasi ya mji huo iliruka ghafla, kama kwamba mji mzima umehamia disko. Wakemia wakatazama kwa makini zaidi. Molekuli ya ekstasi ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mwili huvunja umbo moja haraka kuliko jingine. Katika majitaka ya Utrecht maumbo yote mawili yalikuwa sawasawa. Dawa ile haikuwa imepita tumboni mwa mtu: ilimwagwa mtaroni, na siku chache kabla polisi walikuwa wamevamia kiwanda cha siri jirani.

Ndiyo maana takwimu ya mtaroni isimezwe nzima nzima. Inasema ni kiasi gani, haisemi ni nani wala wangapi. Vijana arobaini walioonja dozi moja moja na mtu mmoja aliyezama katika dozi arobaini hutoa chupa ileile, na anayehitaji daktari ni huyo mmoja.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki kuna kikwazo kingine. Unga unaowasumbua wengi huku ni heroini, nayo mwilini hugeuka mofini, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa saratani kutuliza maumivu. Mtaro hautofautishi kirahisi teja na mgonjwa. Dirisha la methadoni, dawa ya kuwatibu mateja wa heroini, katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2011, walau humwona mtu kwa sura yake, akinywa kikombe chake mbele ya mhudumu kila siku.

Halafu kuna mtaro wenyewe. Dar es Salaam nyumba zilizoungwa kwenye bomba la majitaka ni chache. Nyingi zina shimo au tangi. Gari la kunyonya majitaka linapofika mabwawa ya Vingunguti na kufungua koki, kinachomwagika ni miezi ya nyumba mbili tatu za uswahilini, Jumamosi na Jumatatu zikiwa zimeshachanganyika humo. Pampu ya saa 24 ingesubiri nini pale?