Neno la Mhariri: Mstari wa C

Asubuhi moja katika zahanati ya kijiji wilayani Chemba nilikaa benchi moja na mama aliyempakata mtoto mwenye homa. Nesi alimchoma mtoto kidole, akafyonza tone la damu, akalidondosha kwenye kile kipimo cheupe cha plastiki, akaongeza matone ya kichupa, akatazama saa. Tukasubiri. Mistari miwili ikajitokeza. Mama akauliza, "Nesi, mbona miwili? Ana malaria mbili?" Nesi akacheka. "Hapana, mama. Huu wa T ndio malaria. Huu wa C unaniambia kipimo chenyewe ni kizima. Usipotokea huo, natupa, naanza upya."

Toleo hili lina makala kuhusu ramani za peptidi za opioidi katika ubongo na uti wa mgongo, ramani zinazochorwa kwa kingamwili na rangi. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Nawaomba wakumbuke benchi lile. Katika kipimo cha malaria, kingamwili iliyobebeshwa chembe za dhahabu (ndiyo, dhahabu, wekundu wa mistari ile ni wake) hunasa protini ya kimelea. Katika maabara ya neva, ubongo wa panya huhifadhiwa kwa formalini, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kisha humwagiwa kingamwili iliyotoka katika damu ya sungura. Kingamwili hiyo hushika peptidi inayotafutwa, nyingine yenye rangi huishika ile ya kwanza, na mtafiti huinamia hadubini kuona wapi pamewaka. Ujanja ni uleule.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1973 maabara tatu, mbili za Marekani na moja ya Uppsala, zilionyesha karibu kwa wakati mmoja kwamba ubongo una vipokezi vya mofini. Vipokezi vya nini, wakati hakuna aliyezaliwa akinyonya utomvu wa afyuni? Mwaka 1975, huko Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz wakatoa jibu kutoka kwenye bongo za nguruwe wa machinjioni: enkefalini mbili, kila moja ya asidi amino tano tu. Mwaka uliofuata Choh Hao Li wa San Francisco, aliyekuwa akichunguza tezi za pituitari za ngamia kwa shughuli nyingine kabisa, akatangaza beta-endofini yenye asidi amino 31. Siku hizi kila anayeuza mazoezi anazitaja endofini, ngamia hatajwi. Mwaka huohuo wa 1976 Tomas Hökfelt na wenzake wa Stockholm wakachapisha picha za enkefalini zilizopakwa rangi kwa kingamwili. Sehemu mojawapo iliyowaka sana ilikuwa pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, pale pale neva za maumivu zinapoingilia.

Picha hizo ni nzuri mno, na uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi. Enkefalini mbili zile zinatofautiana kwa asidi amino moja tu, ya mwisho. Beta-endofini huanza na mfuatano uleule wa mojawapo ya enkefalini hizo. Dainofini, ndugu yao mwingine, huanza na ule wa nyingine. Sungura anayefundishwa kumtambua mmoja katika ukoo huu anaweza kabisa kutoa kingamwili inayoshika na ndugu zake. Ndiyo maana watafiti waangalifu wa miaka ile hawakuandika kwamba wameona enkefalini. Waliandika kwamba wameona kitu kinachofanana na enkefalini. Neno "kinachofanana" lilikuwa mstari wao wa C. Sasa hivi naliona likidondoka katika makala nyingi zinazofika mezani kwangu, kana kwamba rangi ikishawaka hakuna la kuuliza.

Rangi haina mdomo, ila mtu akiipa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, huchanganya unga wa mofini na maji na kuutia rangi kulingana na nguvu yake. Kijani ndiyo dhaifu. Rangi hiyo imewekwa na mtu anayejua anataka iseme nini. Rangi ya kwenye slaidi hakuna aliyeipangia la kusema. Hata mstari wa T wa Chemba husema kidogo kuliko tunavyodhani: mtoto aliyekwisha kutibiwa anaweza kuuonyesha wiki kadhaa baadaye, kwa sababu kinachonaswa ni protini ya kimelea, na protini hukawia katika damu baada ya kimelea kufa.

Tena, tuseme kingamwili imeshika peptidi yenyewe hasa. Bado umeonyeshwa mahali tu, hukuonyeshwa kazi. Ushahidi wa hilo umetoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Yupo fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 1990 Titus Kanui wa Nairobi na mwenzake Kjell Hole waliripoti kwamba mofini haikumpunguzia mnyama huyu maumivu, ilimfanya mkali. Mwaka 2006 Towett, Kanui na Juma wakaonyesha, kwa jaribio la sahani ya moto, kwamba kuamsha vipokezi vya opioidi vya aina ya mu na delta kulimzidishia maumivu, na vya kapa ndivyo vilivyompoza. Nani angetazama ramani ya panya akatabiri hayo?

Kundi la Thomas Park huko Chicago lilifuata njia nyingine kwa fuko huyohuyo. Mwaka 2003 walipaka kingamwili kwenye ngozi yake, wakakuta neva nyembamba za maumivu hazina dutu P, peptidi inayopeleka ujumbe wa maumivu. Slaidi isiyo na rangi, basi. Na slaidi isiyo na rangi inaweza kuwa uzembe wa maabara tu. Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 waliripoti kwamba wamepenyeza jeni ya dutu P kwenye neva za mguu kwa kutumia virusi, na fuko asiyejali pilipili akaanza kuihisi. Sasa ile slaidi tupu ikawa na maana.

Kwa hiyo, waandishi wetu, kuanzia toleo lijalo kila picha ya kingamwili ije na mbili nyingine: ya kipande kilichonyimwa kingamwili ya kwanza, na ya kipande kilichopakwa kingamwili iliyokwisha kuchanganywa na peptidi yake, ambapo rangi inatakiwa ipotee. Andikeni pia kingamwili imetoka kwa mnyama gani na ilizimuliwa kwa kiasi gani. Makala isiyokuja na hayo itarudishwa kwa mwenyewe kabla haijafika kwa wahakiki.