Ushauri nasaha uanze na lugha ya nyumbani

Asubuhi katika magereji ya Gatsata, jijini Kigali, utawakuta vijana wa umri wa shule wamelala chini ya magari, spana mkononi. Miongoni mwao wamo watoto wa familia zilizofukuzwa Tanzania mwaka 2013 na za wakimbizi kutoka Kongo.

Kijana wa aina hii akianza kuvuta bangi au kutoroka shule, huitwa kwa mshauri. Huulizwa maswali peke yake, kwa Kinyarwanda cha ofisini. Hunyamaza. Kisha huandikwa kuwa ni jeuri.

Nilirejea mwaka 1994 nikitokea Karagwe, nikiwa nimesoma kwa Kiswahili, nami niliwahi kuandikwa hivyo. Kumbe nilikuwa natafuta maneno tu.

Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Mtoto aliyelelewa hivyo hafunguki mbele ya mgeni mwenye kalamu. Mpango wa Mvura Nkuvure, yaani "niponye nikuponye", ulioanza Byumba mwaka 2005, ulilielewa hilo: majirani hukaa pamoja kila wiki na kusikilizana kwanza.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Basi shule na ofisi za sekta zimpe mtoto mshauri anayezungumza lugha yake, na mama aitwe saa ambayo hatapoteza kibarua.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini kabla ya kumlaumu anayeficha, tujiulize: tulimwuliza kwa lugha gani?