Hiyo Raspberry Pi Yako Imekuwa King'amuzi

Jamani, leo mnivumilie kidogo maana nina hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaojiita wasomi wa mjini. Mtu anasikia habari za Raspberry Pi, ile kompyuta nzima kwenye kibao kinachoenea kiganjani, anaagiza. Haagizi kibao peke yake, la hasha! Anataka toleo jipya kabisa, kasha lenye feni, skrini yake, na boksi la vifaa vya kupimia ambavyo hajui hata kimoja kinapima nini. Vikifika anapiga picha. Wiki ya pili kaichomeka kwenye televisheni, anaangalia muvi. Hongera bwana, umenunua king'amuzi cha bei mbaya. Muulize kuhusu kuandika programu, atakujibu: "Aah, ile inataka kozi kwanza." Na fundi wa mtaani je? Hapo ndiyo kabisa, maana eti inataka Kiingereza na hesabu za chuo.

Yangu ilikuwa king'amuzi kwa miezi minane, kwa hiyo simsemi mtu mgongoni. Siku moja umeme ulikatika katikati ya muvi, ukarudi, ukakatika tena, na memori kadi ikafa na mfumo wote uliokuwa ndani yake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ile ni kompyuta.

Eben Upton na wenzake pale Cambridge, Uingereza, hawakuitengeneza kwa ajili ya muvi. Kilichowasumbua ni kwamba vijana waliokuwa wakiomba kusoma kompyuta walikuwa wanapungua, na wengi waliokuja hawakuwa na uzoefu wa kuandika programu kama waliowatangulia. Vijana wa miaka ya 1980 walikulia na mashine kama BBC Micro: ukiiwasha, inakaa inakusubiri uandike amri. Basi mwaka 2012 wakatoa kibao cha dola 35, bei ambayo mtoto akikiunguza, nyumbani hakuwekwi matanga. Kiliundwa ili kichezewe. Sisi tumekivalisha kasha lenye feni.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Nilinunua memori kadi mpya, nikaamua kuanza na kitu cha kitoto kabisa: kuwasha na kuzima taa moja ya LED. Programu yenyewe ni hii, hakuna kilichofichwa:

from gpiozero import LED
from signal import pause
taa = LED(17)
taa.blink()
pause()

Mara ya kwanza niliusahau ule mstari wa mwisho. Programu ikaanza na kwisha papo hapo, kwa sababu blink inafanya kazi pembeni, na programu kuu ikiisha inaondoka na taa yake. Pause ndiyo inayoiambia isubiri. Nikarekebisha. Safari hii taa ikawaka... ikaendelea kuwaka. Haizimi! Nikasoma ile mistari mitano kama mtu anayetafuta kosa kwenye mkataba. Nikataka kufuta mfumo mzima nianze upya.

Nikaibeba hadi kwa fundi redio wa mtaani, niazime mita. Fundi hayupo, yupo kijana wake, darasa la saba. Akagusa kwa mita, akacheka. "Kaka, hapa pana moto muda wote. Hiyo programu yako haihusiki."

Na kweli. Kibao kina pini 40, mimi nikahesabu hadi ya 17. Kumbe 17 ya kwenye programu ni jina tu, pini yake kwa kuhesabu ni ya 11. Ile ya 17 kwa kuhesabu ni volti 3.3 za moja kwa moja, bila kuuliza mtu. Kijana akahamisha waya mmoja, taa ikaanza kukonyeza. Tena akaniangalia rezista niliyoweka, akasoma rangi zake, machungwa, machungwa, kahawia, akasema ni 330, inatosha, taa nyekundu inakula kama volti 2 na zinazobaki rezista inazimudu. Mimi nilikuwa nimenakili tu.

Nikamwambia aandike yeye. Akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo ya wasomi, kaka. Kiingereza changu cha kuokoteza."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, maana nani alimwambia hivyo? Sisi! Python yenyewe ina maneno 35 tu iliyojitengea. Kuna mengine ya kuongezea, sawa, kama hilo LED na blink, lakini majina ya vitu vyako unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, ndiyo maana mimi nimeandika taa. Kijana anayesoma mchoro wa amplifaya na kutaja kila kilicho ndani yake ameshazidi maneno 35 zamani sana. Yeye anajua tayari ile nusu ngumu, nusu ambayo ukikosea unanusa moshi.

Na bei nayo isiwe kisingizio. Kama una laptopu yoyote, hauhitaji hata hiyo kompyuta ndogo. Raspberry Pi Pico ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4, ina taa yake juu ya kibao, haina memori kadi ya kuuawa na umeme, na programu ya kuandikia, Thonny, ni bure. Waya wa USB, basi. Utaanza leo jioni, tena bila cheti.

Yangu nimeiacha kwenye meza ya fundi. Wiki ya kwanza yule kijana hakuigusa. Juzi nimepita nikakuta taa tatu, nyekundu, njano na kijani, zinapokezana kama za barabarani, na kwenye skrini kaandika simama, jiandae, nenda. Kanionyesha kosa moja lililomshinda. Hata mimi limenishinda, tunalo mpaka sasa.

Yako wewe iko wapi? Bado inaonyesha muvi?