Mfumo wa matokeo usizimike: lazima kila fundi apewe funguo zote?

Morogoro ni mji wa vyuo. Chini ya Milima ya Uluguru kuna SUA, iliyoanzishwa 1984, kuna Jordan na Chuo Kikuu cha Waislamu, na nje kidogo ya mji kuna Mzumbe. Wiki ya usajili, mfumo ukigoma saa mbili tu, mwanafunzi aliyetoka Ifakara analala mjini bila kupanga.

Jibu la haraka huwa moja: jamaa anayesimamia mfumo apewe haki zote za msimamizi. Tatizo ni kwamba paswedi yake ikiibiwa, mwizi hapati usajili peke yake. Anapata mishahara, matokeo, kila kitu.

Kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama moja, njia nyingine ipo. Kubernetes, iliyotolewa na Google 2014, huipa kila kazi namba ya kipaumbele. Nafasi ikijaa, kazi ya namba ndogo huondolewa kupisha ya namba kubwa. Watumiaji wana mpaka bilioni 1. Juu ya hapo ni kwa viungo vya klasta yenyewe.

Madaraja hayo huwekwa na msimamizi mkuu, kwa sababu yanagusa klasta nzima. Lakini fundi wa usajili akishawekewa, anataja tu jina la daraja. Anapandisha toleo jipya, anasoma kumbukumbu za makosa, anawasha upya huduma yake, yote ndani ya eneo lake.

Hapa ndipo wengi wanateleza. Msimamizi asipoweka kikomo cha nani atumie daraja lipi, kila idara itajiita ya kwanza. Tuseme mtafiti anapiga hesabu za mvua ya Uluguru tangu alfajiri; kazi yake inaondolewa, kwa kawaida ikipewa sekunde 30 za kujifunga. Kama haikuwa inahifadhi hatua zake, siku imeenda. (Na hiyo ripoti ya maandalizi ya menyu ya kantini inaendelea, maana nayo iliandikwa "muhimu sana".)

Kuna ambalo fundi wa namna hii hawezi: mashine yenyewe ikifa, lazima amwite mwenye funguo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza Mei 2023, inadai taarifa za watu zilindwe, kwa hiyo kumwachia funguo hizo "kwa muda" si jambo dogo. Chuo kinahitaji watu wawili wenye funguo za dharura, zamu yao ijulikane, na kila zinapotumika iandikwe. Hilo lipangwe kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, si usiku wa manane mwenye paswedi akiwa msibani na simu imezimwa.